Tulivyolifuta Jina la Kwa Nyapara

Kitongoji nilichozaliwa, nje kidogo ya Nduguti, kilikuwa kinaitwa Kwa Nyapara mpaka juzijuzi tu. Sasa kinaitwa Amani, na aliyehangaika mpaka jina likabadilika ni mimi. Majirani zangu wa Utemini, mjini Singida ninakoishi tangu nistaafu ualimu, wakisikia habari hiyo hunipongeza. Mimi husema asante, halafu haraka naulizia bei ya mafuta ya alizeti, maana tukiendelea na maongezi hayo nitaumbuka.

Nyapara alikuwa msimamizi wa kazi za shuruti enzi za mkoloni. Mzungu mwenyewe alikuja mara mojamoja, akatazama, akaondoka. Aliyeshinda na watu juani, kiboko mkononi, alikuwa nyapara, na huyo alikuwa Mwafrika mwenzao. Barabara inayopita kwetu ilipasuliwa na watu walioshindwa kulipa kodi ya kichwa, na pale walipokuwa wanakusanywa asubuhi ndipo palipoitwa Kwa Nyapara. Somo hilo nililifundisha miaka yote ya kazi yangu. Nililifundisha kwa hasira, nikigonga meza hadi chaki zinaanguka.

Halmashauri ilipotangaza kwamba itasimika vibao vya majina ya vitongoji, baba alinipigia simu. Alikuwa mzee sana, hatoki tena nyumbani, na simu hakuipenda kwa sababu, alivyosema yeye, humwoni unayesema naye kama ananuna. Siku hiyo hakusubiri hata nimalize kumsalimia.

"Njoo uliondoe hilo jina kabla hawajaliandika kwenye bati," alisema. "Siku zangu zimeisha. Sitaki kuzikwa Kwa Nyapara."

"Nakuja, baba," nilimwambia.

Nilifurahi kupita kiasi. Miaka yote nilidhani mzee ananisikiliza kwa sikio moja nikianza habari zangu za ukoloni, kumbe yalimwingia! Nilikata simu nikamwambia mke wangu kwamba katika ukoo wetu uzalendo uko damuni. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Mkutano ulifanyika nje ya ghala la alizeti. Nilikwenda nimevaa suti, kwenye vumbi lile, kana kwamba naapishwa. Mwenyekiti wa kitongoji, kijana niliyemfundisha darasa la nne, alinikaribisha kwa heshima nyingi, nami nikaona nina haki ya kuitumia yote. Nilisema kirefu. Nilisema nyapara alikuwa mbwa wa mkoloni. Nilisema bila shaka aliletwa kutoka mbali, mtu asiye na ukoo hapa, kwa sababu mtu wa hapa asingeweza kumchapa jirani yake. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa kimya na mimi ukimya wa wasikilizaji hunilevya, nikaongeza kwamba kama ana wajukuu popote pale duniani, nawaonea huruma.

Watu waliinamisha vichwa. Nikadhani nimewagusa.

Ndipo akasimama mtani wetu. Hapa kwetu ukoo una watani wake, ukoo mwingine ambao una ruhusa ya kututukana hadharani, nasi vivyo hivyo juu yao. Msiba ukitufika, wao ndio wanaochimba kaburi, na katikati ya kilio humwigiza marehemu, wakamsema kwa ubahili wake, kwa ulevi wake, kwa jinsi alivyokuwa anatembea, mpaka waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Kukasirika hakuruhusiwi. Mtani huyu ni mama wa rika langu, muuza vitunguu kwenye gulio, na tangu utotoni hajawahi kuniita kwa heshima hata siku moja.

"Wewe mtumwa wangu," alianza, na watu wakaanza kutabasamu, "shule yote uliyosoma hukufundishwa jina la kazi ya babu yako? Mbali gani aliletwa? Aliletwa kutoka jikoni kwa bibi yako! Babu yangu alichapwa hapo hapo barabarani mpaka akawa analala kifudifudi kama mjusi. Leo mjukuu wa kiboko amevaa suti anatuonea huruma. Kama unaona aibu, si useme tu, tukucheke kidogo halafu tukupe hilo jina jipya!"

Kicheko kilichopasuka kilikuwa kikubwa, na nakumbuka vizuri kwamba hakikuwa kibaya. Walicheka kama watu waliotuliwa mzigo. Wazee waliinua vichwa wakanitazama, wakisubiri nami nimrudishie. Ningesema chochote. Ningemwambia babu yake alikuwa mvivu ndiyo maana alichapwa, na utani ungekamilika, na tungeondoka pale tukiwa ndugu.

Mimi nilimnyooshea kidole. "Koma, mama! Umemkashifu marehemu mbele ya mashahidi. Nitakushitaki baraza la kata."

Sijui niliitoa wapi ile sauti. Naijua, kusema kweli. Ni ile niliyokuwa naitumia kwa watoto waliochelewa namba ya asubuhi shuleni. Kicheko kilikatika. Hakuna mtu aliyewahi kusikia mtani akishitakiwa, na mama mmoja aliyekuwa karibu nami alivuta kigoda chake nyuma. Mtani wangu alikaa chini akaitengeneza kanga yake mabegani.

Mwenyekiti alikohoa, akasema tupige kura. Wanaotaka jina libadilike wanyooshe mikono. Mikono yote ilinyooshwa, na wa kwanza ulikuwa wa yule mama. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza swali. Walitupa tulichokitaka, upesi, kama unavyompa mgonjwa anachokitaka ili atulie.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja, jasho linanitiririka ndani ya suti. Baba alikuwa amekaa barazani, ngozi ya ng'ombe chini ya miguu yake. Aliuliza kama wamekubali.

"Wamekubali," nilisema. "Baba, ni kweli? Nyapara ni babu?"

Hakushtuka. Alipapasa magoti yake.

"Ulitaka awe nani?" aliniuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapenda sana kuhubiri. Ningekuambia, ungeacha kuhubiri, au ungeacha kuja nyumbani. Nilichagua uhubiri."

Nilimuuliza kama watu wote walijua. Akasema wote, hata watoto wao walijua. Mkoloni alipoondoka, watu walikaa wakajadili wapaiteje pale mahali, na wengine walitaka patajwe kwa jina la babu, ili kila atakayepita barabarani alijue. Wazee wa ukoo wa watani ndio waliokataa. Walisema mtu huyo ana watoto, na watoto hao watachunga na wetu, wataoa kwetu. Wakapaita Kwa Nyapara basi, kwa cheo tu, na jina la babu halikutamkwa hadharani tena mpaka likasahaulika. Mimi nililelewa ndani ya huruma hiyo. Nilisomeshwa kwa michango ya watu hao hao, wakaniita Mwalimu, nami nikasimama mbele yao nikawaeleza nyapara ni nini.

Nilimkumbuka babu kama mzee mpole aliyenikatia kucha kwa wembe bila kunikwaruza. Nilikumbuka pia kwamba tukienda kanisani hakupita barabara kubwa. Alipita mashambani, katikati ya mtama, hata wakati wa masika viatu vikijaa tope, na mimi nilidhani anapenda kukagua mazao ya watu.

"Sasa kwa nini ulitaka lifutwe?" nilimuuliza baba. "Kama walilichagua kwa wema?"

"Nimechoka kuhurumiwa, mwanangu," alisema. "Nilitaka nilale mahali ambapo sidaiwi shukrani."

Sikumwambia nilivyomjibu mtani. Nilikula ugali wake, nikamuaga, nikarudi mjini, na aibu niliibeba peke yangu kama mtu aliyebeba chungu kinachovuja, nikitumaini hakuna anayeona nguo zangu. Nilijiambia nitakwenda kumwomba yule mama radhi. Kila gulio nilikuwa na sababu ya kutokwenda. Mara magoti, mara mvua, mara kikao cha wastaafu. Ukweli ni kwamba nilimwogopa, na nilimwogopa zaidi kwa kuwa hakunifanyia lolote baya.

Kibao cha Amani kilisimikwa, bluu, kizuri. Baba aliombwa atoke akione, akakataa, akasema anaamini kipo. Kabla ya mavuno ya alizeti alifariki usingizini.

Watani walikuja wote. Walichimba kaburi, walileta maji na kuni, na wanawake wao walipika tangu alfajiri. Sijawahi kuona msiba uliohudumiwa vizuri vile. Mchungaji alitangaza kwamba marehemu anapumzishwa katika kitongoji cha Amani, na watu wakaitikia. Nilisubiri. Walipomaliza kushindilia udongo nilisubiri mtu aanze kumwigiza baba, jinsi alivyokuwa anapayuka kwenye simu, jinsi alivyoficha sukari asiwape wageni. Kulikuwa na mengi ya kumsema, Mungu amrehemu. Hakuna aliyeanza. Walikunja mikono wakatazama chini, wakiwa na adabu kamili, kama wafanyavyo watu kwenye msiba wa mkuu wa wilaya.

Nilishindwa kuvumilia. Niliingia ndani nikachukua koti la baba, lile la kahawia alilovaa kila Jumapili, nikamfuata yule mama kati ya wanawake waliokuwa wanaosha masufuria.

"Mtani," nilimwambia, "livae. Mseme. Mseme na babu, nisemeni na mimi, nitacheka."

Alijifuta mikono kwenye kanga. Akalipokea koti kwa mikono yote miwili, akalikung'uta vumbi begani, akalikunja vizuri na kunirudishia. Halafu akapiga goti kidogo, kama unavyomsalimia mgeni mwenye cheo.

"Pole sana, Mwalimu," alisema. "Mungu akutie nguvu."