Mkia Uliopigwa Chapa Ulaya

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Wenzangu niliotoka nao shule kubwa ya serikali kule pwani walitawanyika: huyu karani wa boma, yule wa stesheni, mwingine alifuata misafara mpaka ziwani. Mimi nilirudi kwetu Mwembesongo, Morogoro, nikakaa kibarazani kwa mama. Elimu yangu yote niliitumia kuwaandikia watu barua, na kujua kivuli cha nyumba kinahamia upande gani saa ngapi.

Kwa hiyo Mdachi mmoja mwenye miwani aliposhuka garimoshi akitafuta mtu wa kumweleza habari za Waluguru, karani wa boma, rafiki yangu wa shule, alimleta moja kwa moja kwangu.

"Huyu humkosi," alimwambia. "Hata nyumba ikiungua utamkuta hapo hapo."

Tulimwita Bwana Daktari kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, na wiki ya kwanza watu walimletea macho mekundu na vidonda vya miguu. Kumbe udaktari wake ulikuwa wa vitabu. Walikuja wanne mwaka ule: mmoja aliokota majani, mmoja aligonga mawe kwa nyundo, mmoja aliandika maneno ya lugha, na huyu wangu alitaka mila. Alisema tupande Mgeta, kule mlimani, tukawaulize wazee. Nikautazama mlima.

"Ya nini kujichosha, Bwana?" nikamwambia. "Mlima wote umo humu." Nikajigonga kifua.

Siku kumi na mbili nilikaa mkekani nikimjibu. Nilichokijua nilikisema, nisichokijua nilikisema kwa sauti kubwa zaidi.

Siku ya mwisho akaniuliza habari za utani. Hapo nilimweleza vizuri kabisa: kila ukoo una watani wake, mtani akifiwa wewe ndiye unayekwenda kuchimba kaburi, na huku unachimba unamtukana marehemu, unakamata kuku wa msiba, wala hapana wa kukukataza. Akasema nimpe mfano wa matusi yenyewe. Ulimi ukaniponyoka.

"Watani wetu," nikasema, "huzaliwa na mikia. Mkunga huikata siku ya saba. Aliyekatwa vibaya utamjua tu, hawezi kukaa kigodani."

Mama alicheka ndani mpaka akaacha kutwanga. Bwana Daktari hakucheka. Aliandika.

Mavuno matatu yakapita, nami nikawa nimeposa. Tena wapi? Kinole, katika ukoo ule ule wa watani wetu. Hapana mwiko, ila taabu ipo: mtani unamtukana, mkwe unamwonea haya, na mimi uso ninao mmoja. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho juu ya msichana ni mjomba wake. Mjomba huyo alikuwa amepokea posa yangu, lakini jibu hakuwa ametoa.

Ndipo garimoshi likaleta sanduku la vitabu. Karani alikuja kwangu anahema. Vitabu vinne, vipya, bado vinanuka gundi: cha mimea, cha mawe, cha lugha, na cha mila, ambacho ndicho changu. Sikukiona, wala sikungoja kukiona. Nilitoka kibarazani, jambo ambalo majirani walilitazama kwa wasiwasi, nikaenda sokoni kutangaza kwamba maneno yangu yanasomwa Ulaya. Wauza machungwa wa Kinole walinisikia vizuri, wakafunga vikapu vyao, wakapanda kwao na habari.

Jioni nanawa miguu nikaikumbuka ile mikia.

Siku mbili sikumeza kitu. Siku ya tatu asubuhi mjomba mwenyewe alishuka, fimbo mkononi. Nikamwamkia kwa magoti mawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia mmetuandika."

"Kidogo tu, mzee."

"Hicho kidogo ndicho ninachokitaka. Mtani akinitukana msibani, upepo unachukua. Akinitukana kitabuni, wajukuu zangu watafundishwa shuleni. Kisomwe hapa. Kikitutukana, chukua posa yako. Wala usisome wewe, utasoma unavyotaka wewe."

Nikakimbia bomani. Ndiyo, nilikimbia. Nikamshika karani kanzu.

"Ndugu yangu, uje na kile cha mawe, usome hicho. Mawe hayana utani na mtu."

"Mzee anauliza habari za ukoo wake, nami nimsomee mawe?"

"Basi ruka ukurasa."

"Mimi nimekula kiapo cha serikali," akasema, na nikaona wazi kwamba anafurahi. "Kilichoandikwa ndicho nitakachosoma. Wewe ulipokuwa unasema, nani alikushika shavu useme?"

Akaomba ruhusa, akaja nacho. Vitabu vya wakati ule vilifika kurasa zimeshikana kingoni, lazima uzipasue kwa kisu kabla ya kusoma. Mjomba alimtazama karani akipasua moja moja, akatikisa kichwa.

"Hata kitabu cha Kidachi kinatahiriwa?"

Mimi nilikuwa nahesabu vijiti vya paa. Karani alipasua, akapekua, akapasua tena. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Hapa," akasema. Akaanza kutafsiri taratibu. "Mtu wangu wa Morogoro, mwenye akili na asiyependa kutembea..."

"Huyo ni yeye," mjomba akasema.

"...aliniambia bila haya yoyote: Watu wetu huzaliwa na mikia."

Karani akakoma kusoma. Akairudia mistari kwa kidole.

"Watani wao?" mjomba akauliza.

"Hapana, mzee. Watu wetu. Ukoo wake yeye msemaji. Mkunga huikata siku ya saba. Mwandishi anasema hakuomba kuonyeshwa, maana aliona si adabu."

Nilielewa papo hapo. Nilisema "watani", sikio la Bwana Daktari likasikia "watu". Daktari mzima wa vitabu vya Ulaya alimeza kipande kidogo cha neno, na kipande hicho ndicho kilichonipa mke.

Mjomba alinitazama usoni, kisha akanitazama ninapokalia. Fimbo ikamdondoka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Mama akatoka ndani mbio, mchi mkononi, kwa kuwa ukoo wangu ni ukoo wake.

"Mwanangu! Umetuuza mpaka Ulaya!"

"Mtani wangu," mjomba akamwambia huku anafuta machozi, "kaa. Lakini kaa polepole, usijiumize."

Karani, mwenye kiapo, akasema pengine tuandike barua, wakisahihishe. Nilimkata kauli kabla hajamaliza. Nikasema kitabu cha elimu ni kitabu cha elimu, kimepigwa chapa, sisi watu wa kibarazani ni nani hata tukiguse? Sijawahi kuitetea elimu kwa moyo namna ile, wala sikuwahi tena.

"Kweli kabisa," mjomba akasema. "Kisiguswe." Akaokota fimbo yake, akajikohoza, akaurudisha uso wa ukwe. "Mtoto nimekupa. Nilikuwa nawahofia wajukuu tu. Lakini hao watakuwa wa ukoo wetu, si wa kwenu. Watazaliwa salama."

"Ahsante, mzee," nikasema.

Mama alipakua ugali huku bado ananuna. Nilikula wangu, nikala na wa karani.