Ati ni Mawazo

Kosa langu lilikuwa kumchekesha daktari. Mtu mwenye akili zake akiulizwa na mwanamume wa koti jeupe, "Nyumbani kuko aje?" hujibu "kuko sawa" na kunyamaza. Mimi nilimwambia nyumbani kuko sawa kabisa, ukiondoa mama mkwe, kuku wa mama mkwe, na huyu bwana aliyeketi hapa akikunja kofia. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Nikajiona nimeongea vizuri sana. Kisha akairudisha miwani usoni, akamgeukia bwanangu, si mimi, akasema kwa upole kama mtu anayetoa pole ya msiba: "Mzee, mama hana ugonjwa. Mama ako na mawazo."

Akaniandikia tembe za usingizi. Mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nalala kama gunia ghalani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na tulikuwa tunakaa nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwenye kipande cha shamba alichopewa bwanangu na baba yake. Yeye ni fundi wa redio, ana kibanda mjini. Mimi nililelewa upande wa Kitale, na wazazi waliotoka Central wakaja kufuata mashamba. Kwetu mtu alipimwa kwa magunia. Mama yangu aliamini hakuna maradhi ambayo jembe halitibu, na kama jembe limeshindwa, basi hujalishika vizuri.

Yote yalianza na malaria ya kawaida. Ikatibiwa, ikaondoka, ila ilipoondoka ilibeba kitu changu na mpaka leo haijakirudisha. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikitoka kuchota maji, nililala mpaka jua liinamie magharibi. Kusuka nywele zangu mwenyewe ilikuwa kazi ya siku mbili: leo upande wa kushoto, kesho wa kulia Mungu akipenda. Jumapili moja Mungu hakupenda, nikaenda kanisani nusu msichana nusu mwendawazimu, kitambaa kikinisitiri. Na ule uchovu haukuwa ule wa kutoka shambani, ambao una utamu wake, unakaa chini na kunywa chai ukijua umeupata kwa haki. Huu ulikuwa kama mtu ameingia ndani yako usiku akafungulia maji yote ya tangi.

Tulipima kila kinachopimwa. Malaria, taifodi, damu, sukari, hata kile kipimo cha ukimwi ambacho watu walikuwa wanakiendea kwa mlango wa nyuma siku hizo. Zote safi. Kidato cha nne nilipata D, lakini maabara nilipita kila karatasi. Na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu ukishapita kila karatasi hakuna anayekuuliza tena unaumwa wapi. Wanauliza unawaza nini.

Walikuwa wananiuliza kweli. Mama mkwe akiniona nimeegemea mlango: "Unawaza nini?" Mama yangu akipiga simu ya jirani: "Si uwache hizo mawazo." Nikajaribu kuwacha. Nilikaa chini nikazitafuta hizo fikra zangu moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye maharagwe, na la maana nililopata ni kwamba nilikuwa nawaza jinsi nilivyochoka.

Mambo yangebaki mzaha kama si shamba. Wanawake wa mtaa wetu tulikuwa na kikundi cha kulimiana. Leo wote kwako, keshokutwa wote kwangu, kila mtu na jembe lake na mstari wake wa mahindi. Anayebaki nyuma anataniwa mpaka amalize. Mwenye shamba ndiye anayetangulia kuingia, na ni lazima awe na uji tayari. Mwenye shamba asipoingia, hakuna anayeingia, kwa maana hatulimii mtu aliyelala. Na usipofika kwa wenzako, hawafiki kwako. Sheria hiyo ni nzuri sana ukiwa mzima.

Mwaka huo nilikuwa nimekosa zamu nyingi. Walikuwa wamenivumilia, lakini palizi ya kwanza hawakuja, na nyasi za kwangu zilikuwa zinanipita kiuno. Bwanangu hakugomba. Si mtu wa kugomba. Alisimama tu kwenye mpaka wa shamba akaniambia: "Mama watoto, palizi hii ya pili ikishindikana, wewe enda kwa mamako Kitale upumzike. Mpaka upone."

Mpaka upone. Mwanamke anayerudishwa kwao kupumzika, kila mtu anajua anapumzika mpaka lini. Na mimi ni mtu wa kwangu. Hata kabla ya ugonjwa nilikuwa sitoki: kiti changu, sufuria zangu, redio ambayo fundi wa redio hakuwahi kuitengeneza. Nilikuwa nasali nipate siku nzima ya kukaa ndani tu. Nafikiri sala ilipokelewa na mtu asiyejua kupima.

Nikaomba kwanza anipeleke hospitali Kitale, twende pamoja, nirudi naye. Akakubali. Huko tulipata daktari mzee, mpole, aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kwa sababu safari hii nilijizuia. Akasema ugonjwa huo upo. Una jina kabisa: uchovu sugu. Mara nyingi hufuata homa. Dawa yake haijajulikana, na wenzake wengine hawaamini kwamba ni ugonjwa.

Nilitaka kumkumbatia. Nilitoka pale na jina langu kama mtu aliyepewa hati ya shamba. Nikamwambia mama yangu, aliyekuwa ametungoja nje chini ya paa na mwavuli.

"Wamesema nina nini?" akauliza.

"Uchovu sugu."

Mama akamtazama bwanangu, bwanangu akatazama viatu vyake.

"Hiyo hata mimi niko nayo," mama akasema. "Niko nayo tangu nikuzae."

Na daktari yule mzee, ili awe na uhakika, alikuwa amenielekeza chumba cha pili kwa kaunsela. Msichana mdogo, sauti laini kama ya mtangazaji wa vifo. Aliniuliza ni nani nimemkasirikia nikashindwa kumwambia. Nikasema simkumbuki. Akasema mwili wakati mwingine unabeba hasira ambayo mdomo umeimeza, na uchovu wangu huenda ni hasira imelala. Nikamweleza kwamba nikipika ugali mikono inatetemeka hata nikiwa na furaha. Akatikisa kichwa taratibu, akaandika, akaniuliza, "Na hiyo furaha, unaogopa nini ndani yake?"

Ukikataa, unaambiwa unakataa kwa sababu ndiyo yenyewe. Ukikubali, basi umekubali. Nikaona mlango wa kutokea haupo. Na hasira aliyokuwa anaitafuta, kwa kweli, tulipomaliza nilikuwa nayo ya kutosha.

Tulipokaribia nyumbani bwanangu akaniambia: "Kaunsela amesema ujaribu kutoka nje. Ufanye kazi kidogo kidogo, uchangamke." Alisema kama mtu aliyepewa dawa rahisi. Sikumlaumu. Angefanya nini, anifungue kwa bisibisi aone waya gani umekatika?

Basi nikaamua kuchangamka. Jumamosi kikundi kilikuwa kwa jirani yangu wa upande wa mto, mama mzee kidogo, mjane, ambaye ulimi wake ulikuwa haujui kona. Jumanne ingekuwa zamu yangu. Wiki nzima nilikuwa nimelala makusudi, najiwekea nguvu kama anayeweka akiba ya unga wa wageni. Jumamosi nikaamka na mwili mwepesi. Sijui niseme nini, ulikuwa mwepesi tu. Nikachukua jembe.

Niliingia mstari wangu nikafyeka. Nikamaliza wa kwanza. Nikarudi nikamsaidia mwenzangu wa kando kumaliza wake, nikamtania njia nzima kwamba hata konokono wana haya. Wakacheka. Mmoja akapiga vigelegele. "Wueh, bibi ya fundi! Si mlisema huyu ni mgonjwa?"

"Mawazo imeisha!" mwingine akasema.

Mjinga mimi, nikajibu, "Imeisha kabisa!" na nikacheza kidogo na jembe begani. Nilikuwa nimekosa kuchekwa vizuri kwa muda mrefu. Jioni bwanangu alinikuta nasonga ugali, akasimama mlangoni akitabasamu, akasema, "Unaona sasa?" Nikasema naona.

Huu ugonjwa una ujanja ambao sikuwa bado nimeujua. Hauji siku hiyo. Unakuacha ule, ulale, hata kanisani uende ukaimbe. Halafu unakuja kudai. Taa ya koroboi hufanya hivyo hivyo, mafuta yakikaribia kuisha mwali unapanda juu unang'aa, mtu asiyejua akadhani umetia mafuta mengine.

Jumatatu nikasikia koo, kisha viungo. Jumanne asubuhi bwanangu aliondoka mapema kwenda kibandani akidhani nimechelewa kuamka tu. Watoto wakaenda shule. Nikabaki nimetazama dari. Miguu ilikuwapo, niliiona chini ya blanketi, lakini ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyelala nami. Mwanga wa dirishani uliniumiza meno. Uji ulikuwa haujapikwa. Nilijaribu kukaa, chumba kikageuka, nikarudi chini.

Nikawasikia wakija. Unawajua kwa vyuma vya majembe vinavyogongana na vicheko. Wakasimama pale mwanzo wa shamba. Wakaita, "Hodi! Mwenye shamba!" Nikajibu, ila sauti yangu haikufika hata mlangoni. Wakangoja. Mmoja akasema, na nikamsikia kila neno, "Si Jumamosi alikuwa anaruka hapa?" Mwingine: "Ameshalimia wenzake mara moja, sasa amechoka mwaka mzima." Wakacheka. Nilitamani kuwaambia kwamba huo mzaha ni mzuri, ningekuwa nje ningeusema mimi.

Kisha majembe yakaondoka. Niliwasikia mpaka wakavuka kijito. Nyasi zangu zikabaki, na Kitale ikawa karibu kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Jirani yangu mjane hakuenda nao. Aliingia bila kubisha, jembe mkononi, akasimama kando ya kitanda akinitazama kama anavyotazama ng'ombe aliyekataa kusimama. Akachota maji kikombeni akanipa. Nilikishika kwa mikono miwili na bado kikanitetemekea maji yakamwagika kifuani. Akakichukua akaninywesha mwenyewe.

"Waambie si mawazo," nikamwambia. "Wewe wanakusikia. Waambie umeniona. Na bwanangu umwambie."

Akakwangua udongo kwenye mpini wa jembe kwa ukucha. Nilidhani anatafuta maneno mazuri. Yeye hajawahi kuyatafuta.

"Nimwambie nini, bibi ya fundi? Jumamosi umetushinda sisi wote, leo kikombe imekushinda, na uso yako iko tu vile ilikuwa. Mimi nimekuona na hata mimi sijaelewa. Afadhali ungevunjika mguu, bana. Mguu tungeona."