Tulipokwenda Kupima Kipimo cha Mtetemo

Niliondoka kwangu Tabata kwa sababu ya ubishi. Kliniki yetu huwapima wagonjwa wanaotetemeka kwa alama: sufuri mkono ukitulia, nne ukishindwa hata kushika kikombe. Lakini mgonjwa huyohuyo, daktari mmoja alimpa alama ndogo, mwingine kubwa, na dozi ikawa inapanda na kushuka. Mie na mwenzangu, Dokta Neema, tukaamua kuwafuata wagonjwa majumbani, kila mmoja wetu apime peke yake, tuone kama tutakubaliana.

Asubuhi tulianzia Mbweni, kwa mwalimu mstaafu, Mzee Mushi. Nilimwomba agonganishe vidole, anyanyuke kitini, atembee hadi getini. Kisha akaingia Neema. Alama zetu zikafanana.

"Nimefaulu?" mzee akauliza.

"Tumefaulu sisi, mwalimu," Neema akamjibu.

Mchana tulivuka daraja kuingia Kigamboni. Lami iliisha, gari likayumba mchangani hadi Kimbiji. Bi Mwanaisha, msukaji wa mikeka, alitupokea kibarazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Mikono yake ilitetemeka hata ilipolala mapajani. Nikampa tatu. Tukamwacha ale na kupumzika kama saa nzima, kisha Neema akampima. Akatoka na moja.

Kliniki ilikuwa mbioni kumwongezea dozi kwa kuamini kipimo hiki.

"Umemzidishia," Neema akaniambia.

"Wewe ndiye umemhurumia."

Tulirudi ndani pamoja. Bibi alikuwa anasuka ukili, vidole vinapishana bila taabu.

"Bibi, dawa umemeza saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mlipoondoka, nilipomaliza tu kula. Nikiimeza tumbo tupu inanichafua moyo. Siku nyingine chakula kinachelewa, nami nangoja."

Neema akanitazama, tukacheka wote wawili. Tulibaki hadi jioni, nguvu ya dawa ilipoanza kumwisha mwilini, tukampima tena tumeketi ubavu kwa ubavu, kila mtu akificha alama zake. Tulipozifunua, zilikuwa zilezile.

"Kumbe leo mnaopimwa ni nyie!" bibi akasema.

Njiani kurudi Tabata nilikuwa na furaha. Kipimo kilikuwa kizima. Tulichokosa ni kujua tunampima mtu katika saa gani ya dawa yake. Kabla hatujafika darajani nilimpigia daktari wa zamu.

"Usiongeze dozi ya Bi Mwanaisha," nikamwambia. "Kwanza muulize anakula saa ngapi."