Swalha Mkalia Marobota

Mimi Gharib darasa la saba sikulimaliza, lakini historia ya kile kiwanja cha Guangyuan Xilu, kule China, niulize mimi. Mchina usimuulize, mwenyewe katoka Hunan juzi. Zamani ilikuwa yadi ya malori, ina ukuta. Soko la nguo lilipopanuka ukuta ukabomolewa, ikabaki sakafu ya saruji kubwa kama viwanja viwili vya mpira. Wakahamia wachukuzi, wakahamia wafunga marobota, na mwaka tisini na saba tukahamia sisi Wazanzibari. Watu wa bara wakaja nyuma yetu, kama kawaida yao.

Huko ndiko nilikomjua Swalha, mtu wa Tanga. Alikuja na mtaji alioachiwa na marehemu mumewe, akanunua viatu vya watoto magunia mawili, bei ya kutupa. Kufungua hotelini, vyote vya mguu wa kushoto. Vile vya kuning'iniza dukani kama sampuli! Kurudi, muuzaji kahama. Mimi nilimcheka miezi sita.

"Da Swalha, Tanga watoto wa mguu mmoja wako wangapi?"

"Wengi kuliko wanawake wanaokutaka wewe."

Nyumbani hakurudi. Akaanza kukalia marobota, na hiyo ni kazi, usicheke. Pale kiwanjani marobota yote yanafanana, sandarusi ya buluu na nyeupe. Sisi tunaandika majina kwa rangi, lakini mchukuzi hasomi herufi zetu kama nami nisivyosoma zake. Basi sheria ikawa moja: aliyekaa juu ya robota ndiye laoban, bosi wa mzigo. Sasa unataka kula, unataka kupiga simu, utafanyaje? Unamwita Swalha, anakukalia robota mpaka lori lako lije. Alianza kwa sahani ya wali, akafika yuan tano kwa robota. Miaka miwili hajapoteza hata moja. Duka hana, bidhaa hana. Jina lake tu ndilo lilikuwa linamlipia chumba.

Septemba ya tisini na tisa likabandikwa tangazo. Mji unapambwa kwa sikukuu yao ya taifa ya Oktoba; kiwanja kitatandikwa mawe, kipandwe miti, kiwekwe mabenchi. Jumatatu saa kumi na moja jioni kiwe kitupu, kitakachobaki kitazolewa na takataka.

Jumatatu hiyo, mabati yameshazungushwa, mlango umebaki mmoja. Joyness wa Bukoba alikuwa na robota moja: majoho ya kwaya mia na ishirini, ya parokia tatu, yavaliwe Krismasi. Kontena lake la Dar linafungwa siku hiyohiyo. Akaenda Xiaobei kwa wakala kufuata karatasi.

"Da Swalha, hili usiinuke."

"Nenda, mwanangu."

Saa tisa na nusu Swalha akaniita. "Gharib, nikalie hapa nikatawadhe, alasiri hiyo."

"Kwa makalio haya? Watadhani laoban wa mkoa mzima."

"Kaa, ufunge mdomo."

Nikakaa. Mara lori langu likaingia. Nikainuka, nikawaonyesha wachukuzi marobota yangu tisa, nikaanza kubishana na dereva kuhusu kamba. Lakini Lao Tan, mkubwa wa wachukuzi, alikuwa kaniona nimekaa. Kwake yeye hayo yakawa kumi. La Joyness akalirusha mwisho, juu kabisa. Na lori langu linakwenda kwenye kontena la Unguja.

Swalha akarudi, maji yanamdondoka viwikoni. "Robota liko wapi?"

"Lipi?"

Alishaliona juu ya lori langu. Alikimbia na baibui lake mpaka kwenye foleni ya malori, akakanyaga tairi, akapanda, akalikalia. Mimi nyuma namgongea dereva asimame. Asimame wapi, na nyuma yake honi ishirini zinalia? Akaondoa gari na mwanamke juu.

Joyness ndiye huyo anaingia mlangoni na karatasi zake. "Da Swalha! Unakwenda wapi na majoho yangu?"

"Siendi popote! Muulize Gharib!"

Mlinzi wa mlango akapiga filimbi: mtu haruhusiwi kupanda juu ya mzigo. Lori likasimama. Akamwashiria ashuke. Swalha akatikisa kichwa, kashika kamba kwa mikono miwili. Dereva anatukana, mlinzi anapuliza. Lao Tan akaja, akamtazama yeye juu, akanitazama mimi chini.

"Laoban?" akaniuliza, kidole kwenye robota.

"Yeye," nikasema.

Siku nzima kazi niliyofanya ni neno hilo moja, lakini nililisema vizuri. Lao Tan akapanda, akalishusha.

Joyness akakagua mishono yote. "Uliinuka."

"Niliinuka. Nilimwachia huyu."

Joyness akanipima kuanzia kofia mpaka ndala. "Sasa da Swalha, mtu unamwona kabisa alivyo."

Robota likawahi kontena. Saa kumi na moja bati la mwisho likapigiliwa, sote tuko nje. Swalha kasimama na kindoo chake cha kutawadhia, hana pa kwenda kesho. Mimi nikajitia kupangusa ndala zangu vumbi.

"Kesho nachukua vitambaa Zhongda," Joyness akasema. "Marobota manne. Kule yanashushwa barabarani, utayakalia?"

"Zhongda mbali."

"Nauli yangu."

"Na huyu asije," Swalha akaninyooshea kidole.

"Huyu? Huyu kwao Unguja."

Swalha akahamisha kindoo mkono wa pili. "Saa ngapi?"