Jina Si Shati la Kuazimana

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Nyinyi vijana mnaokuja kwangu kujifunza ngoma mnaniita vieux, yaani mzee, nami nacheka, maana hata mvi sijapata ya kuringia. Lakini mkubwa ni yule aliyetangulia kujikwaa. Basi kaa, acha kidogo kugonga hiyo meza, nikusimulie.

Wakati huo bendi yetu, Radi ya Bwiza, ilikuwa inavuma. Roki ya magita makali. Hata huko Rohero, mtaa wa wenye nazo, watoto walituimba njiani. Nyumbani kwetu Nyakabiga sifa hizo hazikuingia. Mama alisema ile ni kelele ya watu waliopotea njia. Tukajibizana, nikahama, miezi ikapita hatusemezani. Tulipoambiwa kwamba radio itakuja kutuhoji studioni kwetu Bwiza, direkti, moja kwa moja hewani, huku tunarekodi, nikamtuma dada yangu mkubwa, Zuhura: mwambie mama afungue radio Ijumaa baada ya alasiri. Nitamsalimia mimi mwenyewe, mji wote usikie. Zuhura akarudi na jibu fupi: "Mama amesema sawa. Na ameita majirani."

Ijumaa ile sikutulia. Naenda uani narudi, nakunywa maji bila kiu. Salamu yangu nilikuwa nimeikariri kama mtoto wa madrasa.

Mtangazaji akaja, dada mmoja mcheshi, akaweka mikro katikati yetu. "Haya, kila mutu ajitambulishe." Fabrisi, mwimbaji wetu, mtu ambaye hata msibani utamkuta upande wa wanaocheka, akatukonyeza na kuzungusha kidole: tubadilishane majina. Wenzetu wawili wa magita wakaanza kujibana mbavu. Kabla sijasema lolote, Fabrisi keshaivuta mikro, kalichukua jina langu.

"Mi ni Ramadhani, wa batri. Napiga ngoma sababu nyumbani walichoka kunipiga mi."

Studio ikacheka. Mtangazaji, ambaye alishauona mchezo, akamchochea: "Na salamu, Rama, hautumi?"

"Namusalimia mama. Mama, usiningoje. Nimekuwa nyota, na nyota hairudi nyumbani mchana."

Mikro ikaja kwangu. Salamu ilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini wote wananitazama meno nje, na mchezo ukishanoga, nani anataka kuwa maji ya baridi? Nikasema, "Mi ni Fabrisi. Naimba kama mbuzi amekanyagwa."

Wakacheka zaidi. Mchezo kwa paka, mwanangu, kwa panya mauti.

Radio ikaweka nyimbo zetu za zamani, sisi tukarudi kwenye wimbo mpya. Mikono haikunitii. Fundi wa sauti akatusimamisha, akatusimamisha tena. "Rama, unakimbia, sha. Nani anakufukuza?"

"Rama ni mi," Fabrisi akadakia. "Muache Fabrisi apige."

Sikuweza kucheka. Nilikuwa naiona sebule yetu, majirani kwenye mkeka, na mama katikati yao, radio mapajani.

Kutoka Nyakabiga mpaka Bwiza si safari. Mtangazaji aliporudi hewani, hajamaliza hata neno la kwanza, mluzi mkali ukapasua studio, ule unaotokea radio iliyofunguliwa ikikaribia mikro. Fundi akashika masikio. Tukageuka. Mama amesimama mlangoni, kitenge begani, radio yake inalia mkononi. Akaipunguza sauti, mluzi ukafifia.

"Hapa nani anaitwa Ramadhani?"

Fabrisi akaangalia viatu vyake. Mimi nikainua kijiti cha ngoma.

"Apana. We ni Fabrisi. Nimesikia na masikio yangu, mutoto niliyemuzaa anajiita mutoto wa watu. Na majirani wamesikia: kumbe kwa Mama Zuhura walikuwa wanamupiga."

"Mama, tulikuwa tunacheza tu," Fabrisi akasema polepole.

"Mucheze. Mi sikatazi mutu kucheka. Lakini huyu, siku amezaliwa, baba yake alimubeba, akamusomea adhana ku sikio, akamuita jina. Jina si shati, useme utaazima rafiki aende nalo harusi." Halafu akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Salamu yangu iko wapi?"

Wakubwa wengi wamenikaripia maishani, lakini hakuna karipio lililonikata kama hilo swali dogo. Hakuja kuniaibisha mbele za watu. Alikuja kuchukua kilicho chake.

Nikafungua mdomo, akainua mkono. "Ngoja. Mi niliitwa kusikiliza radio."

Akatoka, akavuka ua mpaka kwenye ukuta wa jirani, mluzi ukakatika. Dirishani nilimwona ameiweka radio sikioni. Mtangazaji akanisogezea mikro, safari hii bila kucheka.

"Mimi ni Ramadhani," nikasema, "mtoto wa Mama Zuhura wa Nyakabiga. Nyumbani hawakunipiga. Asalaam aleikum, mama. Nimekukumbuka."

Kule ukutani midomo yake ilicheza. Sikumsikia, ila najua salamu ile inavyoitikiwa. Kisha akazima radio, akapita karibu na dirisha. "Mukimaliza kelele zenu mukuje kula. Wote. Na huyo nyota pia."

Wimbo wa siku ile ndio huo mnaoupenda. Usikilize vizuri: mwanzoni ngoma zinakimbia. Fundi alitaka turudie, nikamwomba auache hivyo hivyo.

Basi nasaha yangu ni hii. Cheka, mwanangu, dunia ina njaa ya kicheko. Lakini simu hizi zenu zinakufikisha kwa watu wengi kabla hujapangusa mdomo, kwa hiyo kabla hujasema, jiulize ni nani amekaa upande wa pili anangoja. Neno uliloahidi mtu mmoja, usiligeuze la kuchekesha wengi. Ukiulizwa jina, sema lako. Na mzaha ukikuchoma, sema mapema. Ukinyamaza ili usiharibu mchezo, ujue kuna kingine unakiharibu.

Mungu akupe mikono isiyochoka na sauti inayofika mbali. Na huko mbali inakofika, asikose kukuwekea mtu wa kuitambua.