Mkojo wa Baba Katika Chupa ya Asali

Baba yangu alikuwa mrina asali, na tangu alipoambiwa ana kisukari hakuionja tena. Hebu fikiria adhabu hiyo! Kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa huko Usinge, karibu na msitu wenye mizinga yake, na kila msimu alirudi akinukia moshi na nta, akatugawia masega sisi wote, yeye akakaa pembeni na uji wake usio na kitu. Mimi nilimwonea uchungu kuliko alivyojionea mwenyewe.

Kaka yake naye alikuwa na kisukari. Alivimba miguu, kisha uso, kisha tumbo, na alipofikishwa hospitali tukaambiwa figo zimekwisha. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kupima mkojo wake. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kujifunza kazi ya maabara mjini Tabora, nikafundishwa kwamba figo zikianza kuharibika huvujisha protini kwenye mkojo kabla hata mwili haujavimba, nilitamani kupiga vigelegele darasani. Kumbe taarifa hutoka mapema, ila sisi ndio hatukuwa tunaitazama! Nikatuma salamu nyumbani kwamba baba aje upesi.

Walikuja kwa treni, yeye na mama, wakafikia chumbani kwangu na chupa ya asali, zawadi yangu. Nikamweleza baba kwamba nataka mkojo wake wa kwanza wa asubuhi, kwenye chupa safi. Mama si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alfajiri aliimimina asali yangu kwenye bakuli, akaisuuza ile chupa kwa maji ya mtungi, akampa mumewe.

Maabara nilianza na sukari. Nilidondosha mkojo kidogo kwenye dawa ya bluu, nikauchemsha juu ya taa ya spiriti. Ukageuka kijani, ukapita njano, ukatulia kwenye wekundu wa tofali. Mama alikuwa mlangoni, akaniona uso.

"Nyekundu ndiyo nini?"

"Sukari, mama. Tena nyingi mno."

Akamgeukia baba. "Haya, sema. Umelamba wapi?"

"Sijalamba."

"Mizinga yote ile, na hujalamba?"

"Haki ya Mungu, hata kidole!"

Baba hakujua kudanganya. Akijaribu tu, anacheka mwenyewe. Siku hiyo hakucheka. Nikaishika chupa ili nirudie kipimo, ikaninata vidoleni.

"Mama, hii si ile chupa ya asali?"

"Nimeisuuza," akasema.

Ndipo baba alipocheka, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nilimpa chupa ya maabara niliyoiosha mwenyewe kwa maji ya moto, akaenda akarudi nayo. Safari hii dawa iliishia kwenye kijani hafifu. Nilifurahi sana, na mama akaanza kutazama dari kana kwamba kuna kitu huko.

Lakini sikuwa nimemwitia sukari. Nilijaza mkojo kwenye tyubu ya kioo, nikaipasha moto sehemu ya juu. Siku hizi vipo vipimo vinavyonasa protini kidogo kabisa, isiyotosha kuonekana kwa macho. Sisi tulikuwa na moto, siki kali ya maabara na macho yetu. Ulipochemka, pale juu pakatokea wingu jeupe.

Kicheko kilikatika. Baba alilitazama lile wingu, akaniita kama alivyowaita binti zake wote.

"Mayu, ni yale ya kaka?"

Bado sikujua. Wingu la namna hiyo laweza kuwa protini, laweza pia kuwa chumvi za kawaida tu. Siki ndiyo inayoamua. Wingu la protini halitoki, la chumvi huyeyuka. Nikaanza kuidondosha. Tone la kwanza, hakuna kitu. Nikaongeza. Mara wingu likaanza kupungua, likawa kama moshi, na mbele ya macho yetu mkojo ukawa mwangavu kabisa!

Nilipiga kelele mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakasimama. "Figo zako nzima, baba! Wingu limeondoka! Na tutakuwa tunazipima kila ukija!"

Baba hakupiga kelele. Alinipokonya ile tyubu, akaiinua usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, akaielekeza mlangoni, ambako mama alikuwa amejiziba uso kwa khanga akilia.

"Unaona nini huko?" mama akauliza.

"Nakuona wewe," baba akasema.

"Haya, shusha mkojo huo," mama akamjibu, na khanga ikamtoka usoni.