Kuresoi Ilikuwa Kijani

Januari ya 2008 tulikuwa waandishi wa programu wawili tu, katika ofisi ndogo mjini Nakuru, juu ya duka la familia ya Kihindi iliyotuajiri. Programu yetu ilitumika kwenye maghala yao ya viazi na mahindi, milimani. Ikikwama, tulipigiwa simu na watu wasioweza kueleza lolote ila "imekataa." Kwa hiyo nilitengeneza ukurasa wa kutuonyesha hali: kila ghala na kisanduku chake, kijani ikiwa programu inafanya kazi, chekundu ikiwa ina hitilafu, na ukibofya unaona kosa lenyewe.

Mwanzoni, ghala likinyamaza, kisanduku kiligeuka chekundu. Lakini intaneti ya huko milimani ilikatika kila mvua iliponyesha, nami nina hasira za karibu. Nilichoka kushtuliwa bure. Nikabadilisha mstari mmoja wa programu ili kimya kisihesabiwe kosa, kisanduku kibaki na rangi yake ya mwisho. Hata nilijisifu.

Mwenzangu alikuwa kwenye ghala la Kuresoi akirekebisha programu vurugu za baada ya uchaguzi zilipomkuta huko. Jumatano mkewe akaja ofisini. Siku hizo simu zilikuwa hazishiki, na kadi za kuongeza salio zimeadimika.

"Shem, hajapiga tangu juzi. Kuna lori inaenda huko leo na polisi, kaka yangu ameniwekea nafasi. Niende?"

Nikamgeuzia skrini. "Ona Kuresoi. Kijani. Mashine yake inafanya kazi, ako sawa. Mbona ujitafutie shida kwa barabara?"

Akashusha pumzi, akacheka kidogo, akarudi nyumbani. Lori likaondoka bila yeye.

Ghala lilikuwa limechomwa Jumanne. Dereva wa lori lile ndiye aliyetuambia, Jumamosi. Mwenzangu aliumizwa vibaya, akapelekwa hospitali iliyo njia ile ile ya lori, akaishi hadi Ijumaa asubuhi. Alikuwa akimwulizia mkewe.

Sikulia. Nilikunywa chai, nikafungua programu, nikausoma ule mstari wangu. Ulikuwa umefanya nilichouambia: ghala lilinyamaza likiwa kijani, likabaki kijani. Nikaongeza rangi ya kijivu kwa ghala lisilosikika, na saa liliposikika mara ya mwisho. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Niliutafuta uchungu ndani yangu, sikuupata. Hata mazishini nilikuwa nikihesabu viti.

Mwezi uliofuata mkewe alikuja kuchukua sweta ya mumewe iliyobaki kwenye kiti chake. Akasimama mbele ya skrini.

"Hii ya kijivu ni ya nini?"

"Ni ya ghala hatujasikia. Maana yake hatujui."

Akaikumbatia sweta.

"Hiyo ndio ungeniambia, shem," akasema. "Ningeenda."